Beseni la Paka wa Wifi

Wifi yake Pindo alipohamia kwao, alikuja na sanduku moja la nguo, visu vyake vya kupikia alivyoviviringisha ndani ya aproni, na paka wawili waliokuwa wakilalamika ndani ya kapu. Kuhusu kazi aliyoiacha alisema maneno mawili tu: "Nimechoka moshi."

Pindo hakuyaamini. Pindo ndilo jina alilopewa na wateja wake, kwa sababu alikuwa fundi cherehani ambaye mapindo yake hata ukiyatafuta kwa miwani huyaoni. Na kama ilivyo kwa mafundi wengi, alizoea kugeuza kila kitu upande wa ndani ili aone kimeshonwaje. Huyu dada mkubwa wa mumewe alikuwa mpishi mkuu wa hoteli. Zamani, akija kuwatembelea, angeweza kuketi sebuleni na kusema, "Jirani yenu wa chini anaunguza maziwa," na dakika si nyingi mkasikia sufuria inaburutwa na mtu anajilaani. Mtu kama huyo hachoki moshi. Mtu kama huyo ama amefukuzwa ama amekimbia.

"Dada amechoka, basi," alisema mumewe, ambaye alikuwa fundi wa friji na hakupenda mambo yenye uvundo wa ugomvi.

"Mtu hachoki kwa mara moja, kama taa ya barabarani inayozimika."

"Wewe mke wangu unapekua mno mishono ya watu."

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu. Chumba chenye mwanga mzuri kuliko vyote ndicho Pindo alichoshonea, na mlango wake wa nyuma ulifungukia kwenye roshani ya kufulia. Paka wa huko juu hawana pa kutokea, kwa hiyo siku ileile ya kwanza mumewe alileta ndoo za mchanga kutoka kwa watu waliokuwa wakijenga mtaa wa pili, akauchekecha, akaujaza kwenye beseni la bluu lililopasuka ukingoni, na kuliweka pale roshani. Wifi akachukua mwiko wa matundu wa kukaangia, ambao tangu hapo haukuruhusiwa tena kukanyaga jikoni.

"Paka ni wangu," akasema, "na uchafu wao ni wangu. Wifi, wewe usiguse."

Pindo aliyapenda maneno hayo. Shida ni kwamba maneno hayana harufu, na beseni linayo.

Jike, aliyekuwa mnene na mwenye adabu, aliitwa Shangazi. Alikuwa akichimba, akijisaidia, akifukia, kisha akinusa kuhakikisha. Dume aliitwa Bwana Afya, maana hakuna chungu kilichofunuliwa ambacho hakukikagua. Huyu wa pili alikuwa na mambo yake, lakini wakati huo hakuna aliyemshuku. Mtu akianza kumshuku binadamu, paka huwa hamwoni.

Wa kwanza kumfungua macho Pindo alikuwa muuguzi mmoja aliyekuja kupimwa sare. Aliingia akicheka, akavuka kizingiti cha chumba cha kushonea, akavuta pumzi, akaitoa yote, akazuia nyingine isiingie. Alipimwa kifua na kiuno akiwa hapumui, na sare ilipokamilika ikambana kama ganda la muwa. Ilibidi ifumuliwe yote.

Siku ile ya vipimo, muuguzi alipoondoka, Pindo alimfuata wifi yake jikoni.

"Wifi, samahani. Beseni umelisafisha leo?"

"Tangu asubuhi."

"Mbona kuna harufu?"

Wifi aliacha kukatakata vitunguu. Alimtazama Pindo kwa muda, kama anayesoma maandishi madogo kwenye lebo.

"Harufu gani?"

Swali hilo ndilo lililomchoma. Harufu gani? Harufu ya paka! Harufu ambayo ilikuwa imeshika mapazia, imekaa kwenye kiti cha wateja, na ilikuwa karibu kuanza kuchangia mazungumzo! Pindo alikwenda roshani akachungulia. Mchanga ulikuwa umesawazishwa vizuri, kama sakafu iliyopitishwa mwiko wa mwashi. Macho yaliona usafi. Pua ilisema, "Uongo mtupu."

Tangu hapo akawa anachunguza. Wifi alikuwa amepewa chumba kidogo kinachotazama ukuta wa jengo la jirani, chumba ambacho hata saa sita mchana unawasha taa. Na kwa macho yake mwenyewe Pindo alimwona mara mbili tatu akisimama kwenye kile chumba cha kushonea, mikono nyuma, akiangalia jua linavyoingia dirishani. Basi fumbo likajifumbua lenyewe: wateja wakikimbia, fundi hana haja ya chumba. Fundi akikosa haja ya chumba, chumba kinapata mwenyewe mwingine. Mwenye kutaka chako hakuombi, anakufanya ukichoke.

Na hayo hayakuwa yote. Wifi alipika kila siku, na alipika vizuri, lakini Pindo hakumwona hata mara moja akionja. Alikuwa akipakua, anaketi, halafu anaanza kuwatazama nyuso zao tonge la kwanza linapoingia mdomoni.

"Kimekolea?"

"Kimekolea, dada," mumewe anajibu.

"Kimekolea kweli, au kimekolea cha heshima?"

Mpishi gani haonji chakula chake? Pindo alianza kula polepole, na ikiwezekana, baada ya mumewe kumeza kwanza.

Kisha yakaja manukato. Pindo alikuwa na chupa ndogo aliyopewa na mumewe, ambayo huigusa siku za shughuli tu. Siku moja aliishika akaona imepungua. Akaweka alama kwa uzi mwekundu. Ikapungua tena. Na ajabu ni kwamba wifi hakunukia manukato hata kidogo. Kama angekuwa anajipaka, sawa, ni udokozi wa kawaida, hata dada wa damu hufanyiana. Lakini mtu anayachukua manukato yako na hajipaki, anayapeleka wapi?

Jibu, au kitu alichodhani ni jibu, alilipata asubuhi moja akipita na nguo za kuanika. Mlango wa chumba kidogo ulikuwa wazi kiasi cha upana wa kiganja. Wifi alikuwa ameketi kitandani, macho kayafumba. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na vichupa vinne. Alikuwa akikichukua kimoja, anakileta usoni, midomo inacheza, anakaa hivyo kwa muda mrefu, anakirudisha, anachukua kingine. Kimoja kilikuwa na karafuu. Kingine kilikuwa na kitu cheusi. Kisha wifi akakishika kichupa cha tatu, akatikisa kichwa kwa uchungu, na chozi likamtoka.

Pindo alirudi nyuma kwa ncha za vidole, nguo mbichi zikimlowesha kifua.

"Dada yako ana vichupa," alimwambia mumewe aliporudi kutoka kazini.

"Kila mtu ana vichupa."

"Anavisemesha."

"Labda anasali."

"Na karafuu? Watu wanasali na karafuu siku hizi?"

Mumewe alivua viatu, akavitazama kana kwamba ndivyo vitakavyomwokoa. "Sikiliza. Huyu kanilea mimi. Kama angetaka kunidhuru, angenidhuru nikiwa nanyonya kidole."

"Sijasema wewe. Nasema mimi."

Hapo mume akavichukua viatu akaenda navyo roshani, na kuondoka huko Pindo alikuandika moyoni kama ushahidi.

Mambo yaliiva siku ya gauni la harusi. Lilikuwa gauni jeupe lenye mkia mrefu, kazi ya wiki nyingi, na Pindo alikuwa amelitundika juu ya mlango ili mkunjo ujinyooshe. Mama wa bibi harusi alikuja kulichukua yeye mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongozea mikutano. Aliisifu kola. Alizisifu shanga. Akainama kuutazama mkia, na alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Fundi," alisema taratibu, "nguo hii imekojolewa."

"Haiwezekani, mama."

"Nusa."

Pindo alipiga magoti. Pale chini, upande wa nyuma wa pindo lake lisiloonekana, palikuwa na doa la manjano hafifu, kubwa kama kiganja, na harufu yake ilimpanda hadi kwenye utosi. Alitamani sakafu ifunguke ateremke hadi kwa jirani wa chini.

Aliomba radhi. Aliahidi kuukata mkia ule na kuushona upya kabla ya siku yenyewe. Mama wa bibi harusi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalikunja gauni, akaligeuzia doa nje ili lisiguse pengine, akasema, "Nitampa fundi mwingine amalizie. Mwanangu hawezi kuolewa akinuka hivi." Akaondoka, na ngazi zote za jengo zilisikia viatu vyake.

Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Umeridhika?" Pindo alimwambia.

"Wifi, mimi..."

"Ulisema uchafu wao ni wako. Kila nikikuuliza, nimesafisha, nimesafisha. Harufu gani, harufu gani! Mtu mzima mwenye pua kama yako unaniuliza mimi harufu gani? Unafanya makusudi. Unataka chumba, sema unataka chumba!"

"Nafanya nini?"

"Makusudi! Na manukato yangu unayapeleka wapi? Na vile vichupa unavyovisemesha asubuhi, vina jina la nani ndani?"

Rangi ya uso wa wifi ilipotea. Aliweka kitambaa mezani, akakilaza vizuri, kona kwa kona.

"Umeingia chumbani kwangu."

"Mlango ulikuwa wazi."

"Ahaa," wifi akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Basi nimeelewa. Nilikuwa najiuliza tangu mwanzo. Harufu, harufu, kila siku harufu. Nikienda, naona mchanga msafi. Nikipangusa, naona sakafu safi. Nikajiambia, huyu mke wa ndugu yangu hana harufu yoyote anayoisikia. Anatafuta neno la kunitolea humu ndani. Sasa nimehakikisha."

Akaingia chumbani, na safari hii mlango ulifungwa kabisa.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama duka lenye msiba. Mume alikula kwa dada yake jikoni, kisha akala tena kwa mkewe sebuleni, akashiba mara mbili na asiburudike hata mara moja. "Wanasema fahali wakipigana nyasi ndizo zinazoumia," aliwaambia mafundi wenzake. "Mimi hata si nyasi. Mimi ni yule mdudu anayekaa kwenye nyasi."

Wifi naye alianza kusafisha kwa namna iliyomtisha Pindo. Asubuhi alimwaga mchanga wote akaweka mpya. Mchana akalisugua beseni kwa sabuni na maji ya moto. Jioni akapiga deki roshani yote. Bado harufu ilikuwepo, na Pindo, akiwa kwenye cherehani yake na kitambaa puani, alijiambia: ona unafiki huu, anasafisha pale pasipo na kitu ili aonekane.

Mchana mmoja Pindo alirudi kutoka kununua nyuzi, akamkuta wifi ndani ya chumba cha kushonea. Alikuwa amepiga magoti, kamgeuzia mgongo. Pindo akasimama mlangoni bila kupiga hodi. Leo nakukamata, alijisemea.

Wifi alikuwa anatambaa. Alipapasa sakafu kwa kiganja, sentimita kwa sentimita, akainua kiganja akakitazama kwenye mwanga, akaendelea. Alipapasa miguu ya meza. Akapapasa nyuma ya pazia. Kisha akalifikia gunia la vipande, lile ambalo Pindo hutupia mabaki ya vitambaa, lililokaa kwenye kona karibu na mlango, chini ya mahali gauni lilipokuwa limetundikwa. Akalifungua mdomo, akainama, kichwa chote kikaingia ndani.

Harufu iliyotoka pale ilimfikia Pindo mlangoni kama kofi. Machozi yalimtoka. Alishika pua kwa vidole viwili na akapiga hatua ya kurudi nyuma.

Wifi alibaki na kichwa ndani ya gunia, ametulia kama mtu anayechungulia kisima. Akakitoa. Akajisemea kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na humu hamna kitu."

"Wifi!"

Aligutuka, akajigonga kichwa kwenye meza.

"Unasema hamna kitu?" Pindo aliuliza. Alikuwa amejitayarisha kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo. "Hilo gunia linanitoa machozi nikiwa huku mlangoni."

Wifi alimtazama machoni, na yalikuwa mekundu kweli, yanachuruzika. Akalitazama gunia. Akaingiza mkono ndani kabisa, hadi kwenye kiwiko, na alipoutoa vidole vyake vilikuwa vinang'aa maji. Akavileta puani. Akavuta pumzi ndefu, kwa nguvu zake zote, mpaka mabega yakapanda.

"Linanuka?" aliuliza.

"We husikii?"

Wifi aliuteremsha mkono. Aliketi palepale sakafuni, miguu kainyoosha mbele kama mtoto, ule mkono mchafu kauweka mbali na gauni lake.

"Sisikii," alisema. "Sisikii chochote, wifi. Tangu ile homa ya mwaka jana. Nilipona kila kitu, pua haikurudi."

Pindo aliteremsha mfuko wa nyuzi. Mambo yote aliyokuwa ameyapanga kichwani kwa ustadi, hili juu ya lile, yakaanza kufumuka uzi mmoja baada ya mwingine.

"Hotelini wanajua?"

"Nani nimwambie? Nilipika kwa kukumbuka. Mkono unajua wenyewe. Halafu siku moja nikapeleka mezani supu iliyochacha. Nimeikoroga mwenyewe, nimeipakua mwenyewe, na uso wangu uko juu ya mvuke wake. Watu wakaumwa. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Lakini mhudumu mmoja wa kupeleka sahani alinitazama... alidhani nimefanya makusudi." Akacheka kidogo bila furaha. "Neno hilohilo lako. Nikaondoka kabla hawajaniuliza. Mpishi asiye na pua, wifi, atajieleza vipi?"

"Na vichupa?"

"Ni daktari. Aliniambia ninuse vitu vinne kila siku asubuhi, niwe nakumbuka vilivyokuwa, huenda pua ikajifunza upya kama mtoto. Karafuu, kahawa, ganda la limau, na cha nne aliniambia nichague kitu ninachokipenda. Nikachagua manukato yako." Akainamisha kichwa. "Nilipaswa kukuomba. Lakini ningekuomba ungeuliza ya nini."

Pindo alikaa kwenye kiti cha wateja. Aliona aibu, lakini aibu ile ilikuja imechanganyika na hasira, na hasira ikatoka kwanza.

"Kwa nini hukusema? Nimepoteza gauni! Nimekula chakula chako kwa woga kama mwonjaji wa mfalme!"

"Na mimi kila siku naambiwa kuna harufu nisiyoweza kuijua. Ungekuwa wewe ungeamini? Ningesema sisikii, ungenidanganya lolote. Ungesema hata mimi mwenyewe nanuka." Akautazama mkono wake. "Wifi, niambie ukweli. Mimi mwenyewe nanuka?"

Pindo alimtazama mwanamke yule aliyekuwa akioga mara tatu kwa siku, na sasa akajua kwa nini.

"Sasa hivi mkono wako unanuka vibaya sana," alisema. "Kwingine kote unanukia sabuni."

Wifi akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na Pindo akateremka sakafuni akakaa naye, hapohapo kando ya gunia, ingawa palikuwa hapakaliki. Wakiwa hapo Bwana Afya aliingia, akawapita bila salamu, akaligeuzia gunia mgongo, akainua mkia, na mkia ukatetemeka huku mkojo ukilirukia gunia.

"Kumbe ni wewe!" wote wawili wakapiga kelele, na paka akatoka mbio hadi juu ya kabati la vyombo, akashinda huko hadi jioni.

Gunia walilitupa lote na vipande vyake. Walipangusa ukuta kwa siki na maji. Mama wa bibi harusi hakurudi, wala marafiki zake, na kwa kipindi kirefu Pindo alishona zaidi mashati ya shule kuliko magauni. Hilo halikutengenezeka. Mumewe alipoambiwa habari ya pua, alikwenda akasimama roshani peke yake muda mrefu, kisha akarudi akasema, "Na mimi nilikuwa namsifia chakula kila siku bila kumtazama usoni." Usiku huo alikula sahani moja tu, mezani, pamoja na mkewe na dada yake.

Kazi ya beseni waliigawana upya. Wifi aliendelea kuondoa uchafu na kubadilisha mchanga, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa mzuri kuliko wa Pindo. Pindo alikuwa akija hadi mlangoni, ananusa, na kutoa hukumu. Mwanzoni alisikia haya kufanya hivyo. Baadaye alizoea hata akawa anatoa maagizo: upande wa kushoto bado, chini ya ukingo kuna kitu, hapo sawa. Jikoni alionja kila sufuria, na wifi alimbishia.

Walimpeleka Bwana Afya kwa daktari wa mifugo. Daktari aliwauliza maswali machache, akasema dume asiyehasiwa huweka alama kila mahali anapoona ni pake, na beseni hata likiwa safi kama sahani halitamzuia. Akamfanyia upasuaji, akawaambia waje kumchukua alasiri. Walimkuta amelegea, macho nusu wazi, anawatazama kama watu waliomkopa wakakana. Daktari aliwaazima boksi la plastiki lenye kifuniko.

Walitembea kurudi kwa miguu, wamelishika boksi kila mmoja upande wake. Karibu na kona ya duka la dawa, wifi akahisi uzito umehamia upande wake.

"Amekojoa?" aliuliza.

Pindo akanusa. "Amekojoa."

"Sana?"

"Sana, wifi. Usiliinamishe."

Wifi akashikilia boksi lisilale upande, akatazama mbele, na hakufunua kifuniko kuhakikisha.